Juni hii wapelekeni vijana Mbeya

Shule zikifungwa Juni, Tunduma inajaa vijana wasio na pa kwenda. Nawazungumzia wale wa kidato cha kwanza hadi cha nne, ambao suruali walizoshonewa Januari zimeshawaishia juu ya vifundo vya miguu, wakubwa mno kucheza rede uani na wadogo mno kuachiwa mji. Asubuhi wanasaidia dukani, mchana wanainamia simu, na jioni ukiuliza walipo kila mtu anakupa jibu lake. Mwezi unapita hivyo, na mtoto anarudi shuleni hana cha kusimulia.

Mimi ni mama wa vijana wawili, na riziki yangu ni uwakala wa forodha hapa mpakani. Mji huu naupenda, umenilea na unanilisha. Lakini naujua ulivyo saa mbili usiku. Kituo cha pamoja cha mpaka kilichozinduliwa Oktoba 2019 kimeturahisishia sana makaratasi, ila malori ya kwenda Zambia na Kongo bado yanapanga foleni, madereva wanasubiri wakiwa na fedha mfukoni, na gesti zimebanana na baa mlango kwa mlango. Kijana mjanja wa miaka 15 anaanza kwa kutumwa Nakonde, upande wa Zambia, kisha anajifunza kubadilisha kwacha, kisha shule inaanza kumchosha kwa sababu haimpi hela ya leo. Binti wa umri huohuo hapiti barabarani bila mtu mzima wa kumwita "mrembo". Tunawaonya watoto wetu kuhusu barabara hii tangu wakiwa darasa la tano. Maonyo peke yake hayatoshi. Inabidi tuwape kitu kingine cha kutamani.

Pendekezo langu ni hili. Likizo ya Juni, kipupwe kikiwa kimekaza, familia itenge siku tatu au nne iende mjini kutembea. Si msibani, si hospitali, si kufuata mzigo. Kutembea. Mji wenyewe uwe Mbeya, na mpango waupange vijana wenyewe.

Jibu la kwanza nalijua, maana nililipata mezani kwangu: "Mama, Mbeya inaboa. Mbeya si tunapitaga tu?" Ni kweli tunapita tu. Hadi mwaka 2016, Songwe ilipofanywa mkoa, sisi wenyewe tulikuwa Mbeya, na kila jambo kubwa la maisha yetu lilitupeleka huko. Tunaijua Mbeya ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ya stendi, ya maduka ya jumla. Mtoto wa Tunduma anaweza kufikisha miaka 17 akiwa amefika Mbeya mara nyingi, na asiwe ameulizwa hata siku moja angependa kuona nini huko. Ni kilomita 100 na ushee tu kutoka hapa. Unapanda kosta, unapita Mpemba, Vwawa, Mlowo, unavuka Mto Songwe, na Mbalizi ukiiona umefika.

Vijana wanataka Dar, na siwalaumu. Wanataka kupanda mwendokasi, kula mihogo Coco Beach, kuuona Uwanja wa Mkapa, na sasa wanataka na treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Lakini kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900. Ukiwa na siku nne, mbili unazimalizia kwenye kiti cha basi. Sabasaba, ambayo ingekuwa sababu nzuri, huanza 28 Juni, wakati sisi tumeshaanza kununua madaftari. Dar iwe ya Desemba, kwa wiki nzima, kwa shangazi mwenye nafasi. Na ukarabati wa TAZARA ukikamilika, safari hiyo ningependa waifanye kwa treni. Reli ile ya kilomita 1,860 ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na kijana aliyezaliwa pembeni yake anastahili kuyaona kwa macho yake mahandaki na madaraja ya kati ya Makambako na Mlimba. Kwa siku nne za Juni, hata hivyo, Dar ni mbali.

Hoja ya pili ninayopewa ni baridi. Mbeya iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto linashuka chini ya nyuzi 10. Sasa sisi wa Tunduma tukimbie baridi twende wapi? Tumezaliwa ndani yake, na ya kwetu ina upepo na vumbi juu. Kipupwe ndicho kiangazi chetu cha kutembea: masika yamekwisha, njia za milimani zimekauka, na saa sita mchana anga ni safi hadi unaona milima ambayo Machi ungeapa haipo. Ungeniambia niwapandishe watoto Mlima Loleza mwezi wa tatu ningekataa. Juni nakubali.

Kisha kuna jambo ambalo wazazi hatulisemi. Kijana akiwa likizo haamki saa kumi na mbili, na safari nyingi za familia zinaharibika kwa ugomvi huo wa asubuhi: mzazi ameshavaa viatu, mtoto bado amejifunika. Juni ya Mbeya inawapatanisha. Ukungu unakaa, blanketi ni zito, hakuna sababu ya kukurupuka. Sisi tulipokwenda, siku zetu tulizianza saa nne, kwa chai ya maziwa na chapati za moto, na hakuna aliyenuna.

Kupanga ndiko kulikobeba safari yote. Niliwapa karatasi na jumla ya fedha bila kuwaficha kitu: nauli, chumba, chakula, na kitakachobaki. Kwa kijana hiyo ni heshima kubwa, kuliko hata safari yenyewe. Wa kiume alikuwa amependa hoteli yenye televisheni ukutani. Mdogo wake akakokotoa kwamba usiku mmoja pale unakula chakula cha siku nzima cha watu watatu, wakashuka daraja. Gesti walizipigia simu wenyewe, na maswali niliwafundisha: maji ya moto yapo muda wote au asubuhi tu, kila kitanda kina mablanketi mangapi, geti linafungwa saa ngapi, hapo chini kuna baa? Binti aliuliza la baa mara mbili, kwa sauti ya karani wa mahakama, akisema "samahani kaka, sijakuelewa vizuri", hadi yule kaka wa mapokezi akamjibu kinagaubaga kwamba ipo, na muziki hupigwa Ijumaa. Akashukuru, akakata simu, akaifuta gesti hiyo kwenye orodha. Nilikuwa jikoni nakoroga uji, nikasikia yote. Ana miaka 13.

Masharti yangu yalikuwa mawili. Giza likiingia tunatembea pamoja. Na kila siku kuna jambo moja tu la lazima kwa wote. Mengine ni hiari. Hili la pili nalisisitiza kwa sababu sisi watu wazima, tukishalipa nauli, tunataka kuona kila kitu ili hela irudi. Kijana anachoka. Anataka jambo moja la maana, kisha akae kwenye ukuta ale chipsi mayai aangalie watu wanavyovaa. Huko kukaa nako ni kutembea mjini.

Siku ya kwanza walichagua soko la Mwanjelwa, na ningemshauri kila mtu aanzie hapo. Kila mmoja alikuwa na shilingi 30,000 za vazi la baridi, na chenji ikibaki ni yake. Mwanangu wa kiume alizunguka meza za mitumba karibu saa nzima kabla hajagusa kitu. Kisha akalishika jaketi moja jeusi. Alipandisha zipu akaishusha, akaipandisha tena. Akageuza mifuko nje. Akakunjua kwapa kutazama mshono. "Dogo, hiyo grade one, belo limefunguliwa leo asubuhi," muuzaji akamwambia, na bei ni elfu 35. Mwanangu akasema, "Bro, nina 15." Muuzaji akalikunja jaketi, akaliweka chini kabisa ya rundo. Mwanangu naye hakubembeleza; akageukia meza ya jirani, akaanza kuulizia sweta ambalo najua hakulitaka. Wakakutana kwenye elfu 22. Nilikuwa nimesimama mbali makusudi, na nilijizuia nisiseme neno. Kijana huyu amekulia katikati ya biashara, lakini Tunduma yeye ni wa kutumwa: peleka hii, lete ile, mwambie fulani. Pale alikuwa mnunuzi, na fedha ilikuwa yake. Alitembea na lile jaketi limefungwa zipu hadi kidevuni siku zote zilizobaki, hata jua la saa nane lilipokuwa linawaka.

Siku ya pili ilikuwa ya mlima. Loleza uko mgongoni mwa jiji, mita 2,656, na popote ulipo mjini ukiinua macho unauona. Tulimlipa kijana mwenyeji atuongoze, na mzazi asifanye vinginevyo, maana njia zinagawanyika na kule juu kuna minara ya mawasiliano, eneo lisilo la kuchezea. Nusu saa ya kwanza walilalamika. Baada ya hapo pumzi ya kulalamikia haikuwepo. Tulipopumzika juu, Uporoto ilikuwa mbele yetu na Rungwe nyuma yake, na chini kabisa ni barabara kuu ya kwetu, malori yakitambaa kutoka upande wa Uyole. Mwanangu akaanza kumweleza mdogo wake, bila kuulizwa na mtu, mzigo unavyotoka bandarini: Morogoro, Iringa, Makambako, Uyole, halafu hapo chini, halafu kwetu. Aliyajua majina yote kutoka kwenye nyaraka zangu. Mwongozaji wetu akamwongezea yaliyokosekana, wakabishana kidogo kuhusu Igawa, wakaelewana. Somo la jiografia la namna hiyo sijui ningelilipia wapi.

Mbeya pia ni jiji la vyuo, na hilo wazazi wa Songwe tunalisahau mpaka mwaka wa maombi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kilichoanza kama chuo cha ufundi na kuwa chuo kikuu mwaka 2012, kiko huko huko tunakopita na kosta. Binti ndiye aliyekiweka kwenye orodha. Tulijiandikisha getini, tukaruhusiwa kutembea. Wanafunzi walikuwa nje na chombo cha kupimia ardhi kilichosimama kwenye miguu yake mitatu. Dada mmoja akamwita binti yangu achungulie. Akachungulia. Akauliza dada yule alisoma shule gani, akatajiwa shule ya sekondari ya huku huku kwetu Mbozi, ya serikali. Alipotoka pale hakuwa na maneno mengi, lakini usiku akaniuliza hesabu za kidato cha pili zinakuwaje. Mimi nimemhimiza hesabu kwa miaka, na dada yule alifanya kazi hiyo kwa dakika tano.

Kwa wenye vijana wa mpira, tazameni ratiba ya ligi kabla ya kuchagua siku. Msimu ukichelewa kuisha, Uwanja wa Sokoine huwa na mechi, na Mbeya ni jiji linalojua kushangilia. Wakubwa wanakumbuka msimu wa 2013/14, Mbeya City ilipopanda daraja na kumaliza ya tatu mwaka wake wa kwanza. Sisi hatukubahatika na mechi. Tulizunguka uwanja kwa nje, tukala mishkaki, ikatosha.

Kurudi nyumbani kulikuwa na vituo viwili. Cha kwanza Utengule, juu ya Mbalizi, kwenye hoteli yenye shamba lake la kahawa. Bei zake si za kila siku, tuliagiza vikombe vitatu tu. Lakini nilikuwa na sababu. Wanangu wamechuma buni kwa bibi yao Mbozi tangu wakiwa wadogo, wamezianika, wamezibeba kwa magunia, na walikuwa hawajawahi kukaa mahali kahawa inapoletwa mezani kwa mtu aliyeifuata kutoka mbali na akailipia. Wa kiume akaangalia bei kwenye orodha, akaangalia kikombe, akauliza kilo moja ya buni inatoa vikombe vingapi. Mhudumu hakuwa na jibu la haraka, akaenda kuuliza ndani. Tukiwa njiani bado walikuwa wanapiga hesabu kwenye simu, na bibi yao akapigiwa aeleze anauza kilo kwa bei gani.

Cha pili kilikuwa Kimondo, Ndolezi, ndani ya mkoa wetu wenyewe. Ni aibu ya sisi sote kwamba kuna watoto wa Tunduma wanaokifahamu kwa picha ya kitabu. Chuma kile kilichoanguka kutoka angani kina urefu wa mita 3 hivi na uzito usiopungua tani 12, sehemu kubwa ikiwa chuma na kiasi cha nikeli. Wenyeji walikuwa wanakijua siku zote. Wageni walikiandika mwaka 1930. Wakati ule kilikuwa kimezama ardhini. Wakachimba kukizunguka, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, na baadaye nguzo hiyo ikajengewa zege, ndiyo maana leo unakikuta kimekaa juu ya kiti chake ndani ya shimo. Siku hizi eneo liko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kuna alama ya mahali mtaalamu mmoja alipokata kipande kidogo kwa msumeno wa mkono, kazi iliyomchukua saa nyingi. Binti alipitisha kidole kwenye alama ile. Ilikuwa jioni, upepo umeanza, na kile chuma kilikuwa cha baridi kuliko hewa yenyewe. Alirudisha mkono mfukoni haraka, kisha akautoa tena akakigusa upande wa pili.

Kuna mzazi atasema haya ni mambo ya wenye uwezo. Ukipiga hesabu, nauli peke yake ya watu watatu kwenda Dar na kurudi inakaribia kutosha safari nzima ya Mbeya kwa namna niliyoieleza. Na asiyeweza kulala anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Wazazi watano wa mtaa mmoja wakichanga, kosta inakodiwa, na Mwanjelwa na MUST vinatosha kwa siku moja. Makanisa na misikiti yetu ina vikundi vya vijana. Mwenyekiti wa kikundi akisimama, jambo linafanyika. Wakulima watasema Juni ni mahindi na kahawa, na hilo nalikubali kwa uzito wake, kwa sababu mimi pia nina shamba. Siku tatu hazilimalizi shamba. Zichukuliwe katikati ya kazi, vijana wakishajua kwamba wanavuna na safari ipo.

Na mtoto wa ndugu anayeishi kwako naye aende. Ninalisema kwa sababu naliona: familia inatoka, yeye anaachwa kulinda nyumba. Ana umri ule ule, baridi ile ile, na barabara ile ile inamsubiri mlangoni.

Kwa viongozi wa Songwe na wa Jiji la Mbeya nina maombi machache. Wekeni usafiri wa uhakika wa kufika Kimondo siku za Jumamosi, Juni na Julai, kutoka Tunduma na Vwawa, kwa bei ya mwanafunzi. Waandikisheni waongozaji wa Loleza wapate vitambulisho, mzazi ajue anamkabidhi nani mtoto. Vyuo navyo vitenge siku moja ya likizo ya Juni kupokea vijana wa sekondari, badala ya kuwasubiri kwenye mabanda ya Nanenane pale John Mwakangale mwezi Agosti, wakati wengi wao wako darasani au bwenini. Mkiona ni gharama, tazameni tunachotumia kuwatafuta vijana wakishapotea.

Mwaka huu karatasi ameshika binti, kaka yake ana mtihani mbele na amesema atafuata. Ziwa Ngozi ndilo jambo la lazima la siku ya pili: kosta ya Tukuyu hadi Isongole, kisha kwa miguu kupanda msitu wa Uporoto. Ameshampigia mama yake mkubwa wa Uyole kuuliza kama mabinti wake wawili wanaweza kuungana nasi, na kama kuna viatu vya kuazima. Anasubiri jibu kuhusu saizi.